Kambi ya pamoja ya Nyanda za Juu Kusini: Kitulo, Matema au Iringa?

Katibu wa Kikundi, Mbeya

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla kamati yetu haijakutana. Kikundi chetu cha kutembea milimani na kupiga kambi kina wanachama katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Rukwa, Njombe na Iringa. Mwaka huu tumekubaliana kwamba, badala ya kila mkoa kufanya safari yake, tukutane wote mahali pamoja kwa siku tatu na kulala usiku wa siku mbili. Tunatarajia watu wapatao 60. Wengi ni watu wazima wenye afya njema, lakini zipo familia zitakazokuja na watoto wa shule ya msingi, na wapo wazee wetu wachache ambao hatuko tayari kuwaacha nyumbani, kwa kuwa wao ndio walioanzisha kikundi hiki.

Maeneo yaliyopendekezwa mpaka sasa ni matatu. La kwanza ni tambarare ya Kitulo, ambayo kila mwenye simu ameshaona picha zake. La pili ni ufukwe wa Matema huko Kyela. La tatu ni Iringa, ama katika shamba la Kisolanza lililo kando ya barabara kuu, ama karibu na mji ili tupate nafasi ya kuona maeneo ya kihistoria ya Isimila na Kalenga. Wapo pia waliotaja Ziwa Ngozi, ila mimi binafsi sioni watu 60 watalala wapi juu ya ukingo ule mwembamba, wenye utelezi na usio na maji ya kuchota, maana ziwa lenyewe liko chini kabisa ya genge. Ngozi ni mahali pa kupanda asubuhi na kushuka mchana.

Kinachonisumbua zaidi ni umbali. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni kama kilomita 330, na kutoka Mbeya hadi Sumbawanga ni karibu vivyo hivyo. Mwanachama wa Sumbawanga akiambiwa aje Iringa, atakuwa amesafiri takriban kilomita 650 kwa kwenda tu, na atafika usiku akiwa amechoka, wakati mwenzake wa Kihesa, palepale mjini Iringa, ametoka nyumbani baada ya chakula cha mchana. Nauli nayo inaongezeka kwa kadiri hiyohiyo. Sipendi safari ya umoja ianze kwa manung'uniko.

Kuhusu tarehe, tunafikiria ama wiki ya mwisho ya Septemba, ama siku chache kabla ya Krismasi, shule zikiwa zimefungwa. Wiki ya Nane Nane tumeiondoa, kwa sababu maonyesho ya Uwanja wa John Mwakangale huchukua nyumba za wageni na magari ya kukodi karibu yote ya jiji.

Picha za maeneo haya tunazo za kutosha. Ninachohitaji ni maneno ya mtu aliyelala huko, anayejua basi linafika wapi, maji yanachotwa wapi, na baridi au mbu wakoje saa nane za usiku. Natanguliza shukrani.

Mwenyeji wa Makete

Ndugu Katibu, nimelelewa Makete na ninaipenda Kitulo kwa moyo wangu wote, kwa hiyo nitakueleza yake yote, mazuri na magumu.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 413, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Wenyeji tunaiita Bustani ya Mungu. Kuna zaidi ya aina 350 za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi zinazoota ardhini. Hizo okidi ndizo zilizosababisha eneo lilindwe, kwa kuwa viazi vyake vilikuwa vikichimbwa kwa wingi na kuvushwa Tunduma kwenda Zambia kutengenezwa chakula kiitwacho chikanda. Naomba wanachama wako waambiwe mapema kwamba hakuna kung'oa wala kuchuma, hata ua moja la kumpa mtoto.

Faida yake kubwa kwa kundi la namna yenu ni kwamba mnaweza kutembea kwa miguu. Pale juu hakuna simba wala tembo. Ukienda Ruaha na watoto, mtakaa ndani ya gari muda mwingi. Kitulo mtoto anatembea nyasini, anavuka vijito, anamwona ndege tandawala akiruka. Kipunji naye yupo, yule nyani wa msitu ambaye wanasayansi walimtambulisha rasmi mwaka 2005, lakini anaishi katika msitu wa Livingstone na milima ya Rungwe, na ni mwenye haya. Msiwaahidi watoto kwamba watamwona.

Sasa magumu. Jambo la kwanza ni kwamba huwezi kupata maua na anga kavu kwa wakati mmoja. Maua hufunguka kuanzia Desemba hadi Aprili, na huo ndio msimu wa mvua. Mkija kabla ya Krismasi mtayaona yakianza, lakini mtayaona kupitia turubai, ardhi ikiwa imejaa maji kama sponji na magari yakikwama. Mkija mwishoni mwa Septemba nyasi zitakuwa zimekauka, ila mtaona mbali, mpaka milima ya upande wa pili, na njia zitakuwa ngumu chini ya miguu. Kwa watu 60 wenye watoto na wazee, mimi ningechagua Septemba bila kusita, na maua ningeyaacha kwa kundi dogo litakalokuja Februari.

Jambo la pili ni baridi. Tambarare iko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, na hakuna mti wa kuzuia upepo. Mwezi wa Juni na Julai sakitu huanguka, na ukiacha maji nje katika karai, asubuhi utayakuta yamefunikwa na utando wa barafu ambao inabidi uuvunje kwa kidole kabla ya kunawa. Septemba makali hayo yamepungua, lakini anayelala kwenye hema jepesi la dukani na blanketi moja hatapata usingizi. Baridi ya Kitulo hutoka chini. Watu hujifunika mablanketi matatu juu na kusahau kwamba ardhi ndiyo inayowanyonya joto. Weka mkeka, juu yake godoro jembamba au nyasi kavu zilizofunikwa turubai, ndipo ujifunike.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni huu: msilale juu. Pigeni kambi Matamba, ambako mwinuko ni mdogo kuliko tambarare, kuna maduka, kuna soko, ofisi ya hifadhi iko hapohapo, na mpande Kitulo mchana pamoja na askari au mwongozaji wa hifadhi, kisha mrudi jioni. Mtalipia kiingilio cha siku tu, na mgonjwa hatahitaji kushushwa usiku kutoka katikati ya mbuga.

Hata kwa umbali, Matamba inawapa haki wote. Mnaiacha barabara kuu pale Chimala. Watu wa Iringa watakuwa wamesafiri kama kilomita 250, wa Mbeya kama 80, wa Njombe watapitia Makambako au waje kwa barabara ya Makete, na wa Sumbawanga, ambao ndio wa mbali kuliko wote, kama 400 badala ya zile 650.

Ila kutoka Chimala kupanda Matamba kuna kona 57, na kila mtu wa huku anazijua kwa hesabu hiyohiyo. Barabara inapanda ukuta wa mlima, na chini unaona mashamba ya mpunga ya Usangu yakizidi kuwa madogo. Basi kubwa liacheni Chimala. Tumieni Kosta, na dereva awe ni mtu aliyewahi kuipanda na kuishuka barabara hiyo akiwa na abiria, kwa maana kazi iko kwenye kushuka: gia ndogo tangu juu, siyo kushuka kwa breki mpaka zianze kunuka. Mpande kabla ya saa nane mchana, mshuke asubuhi ukungu ukishaondoka.

Nimalizie na chakula, kwa kuwa wageni wengi huteseka hapo. Kwenye mwinuko wa Kitulo maji huchemka yakiwa na nyuzi joto kama 91 tu, siyo 100. Maharage ya saa mbili yatakula saa nne na kuni zote. Yachemsheni nyumbani kabla ya safari, au mje na sufuria ya presha. Viazi msibebe kabisa. Matamba viazi vipo vya kutosha na ni vitamu.

Mama wa Kyela

Kaka yangu wa Makete ameeleza kwa ukweli na nimemsikiliza, lakini naona safari yenyewe anaigeuza kuwa kazi ya kupambana na baridi. Ndugu Katibu, umesema kuna watoto na wazee. Waleteni Matema.

Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wa Septemba mtu analala na shuka. Ufukwe ni wa mchanga, mrefu, na milima ya Livingstone inashuka mpaka majini upande wa mashariki, kiasi kwamba anayetaka kutembea milimani anatembea, na anayetaka kukaa chini ya mwembe na wajukuu anakaa. Ukifuata njia ya ufukweni au ukipanda mtumbwi unafika Ikombe, kwa akina mama wa Kikisi wanaofinyanga vyungu vinavyouzwa nyanda zote hizi. Niliwahi kumwangalia mmoja akimaliza ukingo wa chungu: hana gurudumu, anakizungusha chungu kwa mkono wa kushoto juu ya kigae, na kwa mkono wa kulia anapitisha kipande cha kibuyu mpaka mdomo unakuwa sawasawa. Watoto wa mjini wangekaa pale mchana mzima. Siku ya gulio la Lyulilo mtavikuta vimepangwa mchangani pamoja na samaki. Chakula hakitakuwa shida: mchele ni wa Kyela na samaki wanatoka ziwani asubuhi.

Jambo ambalo kaka hakulitaja ni vitanda. Matema kuna nyumba za wageni zilizo hatua chache kutoka mahali pa kupiga mahema. Wazee watalala kitandani, kwenye chumba chenye choo cha ndani, na vijana watalala mchangani, na bado wote wataamka na kunywa chai pamoja. Hilo peke yake lingenitosha kuamua.

Basi linafika mpaka kijijini kwa barabara ya Kikusya, Ipinda na Matema, wala hakuna kona 57. Njiani mnaweza kusimama Kiwira mkaona Daraja la Mungu.

Hatari zipo nami sitazificha. Malaria ipo, kwa hiyo kila hema liwe na chandarua, siyo dawa ya kupaka tu. Kichocho kipo katika Ziwa Nyasa. Waulizeni wenyeji mahali salama pa kuoga, epukeni maji yaliyotuama yenye majani, na mkirudi nyumbani mpime. Mto unapoingia ziwani msisogee, kwa ajili ya mamba. Mawimbi huanza kunyanyuka mchana upepo unapotoka kusini mashariki, kwa hiyo safari za mtumbwi ziwe asubuhi. Na msije Aprili wala Mei, kwa sababu mvua ya Kyela katika miezi hiyo haina mfano nchini. Desemba pia nina wasiwasi nayo. Septemba ni nzuri kabisa.

Muuguzi, Njombe

Shikamooni wakubwa zangu. Ninafanya kazi ya afya na nimeshawahi kuhudumia makambi ya vijana, kwa hiyo naomba niongeze mambo ambayo kamati huyafikiria mwishoni ilhali yangetakiwa kuwa ya kwanza.

Anzeni na maji. Kiwango cha chini kinachotumika katika kambi za dharura ni lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, kwa kunywa, kupikia na usafi. Kwa watu 60 hizo ni lita 900, yaani madumu 45 ya lita 20, kila siku. Mkiambiwa kwamba mahali fulani maji yapo, ulizeni yako umbali gani kutoka kwenye mahema na nani atayabeba. Kisima kilicho nusu kilomita chini ya kilima, kwa hesabu hiyo, kitawachukua vijana wenu asubuhi nzima, na kufikia siku ya pili watu wataanza kubana matumizi kwa kuacha kunawa mikono. Hapo ndipo tumbo la kuhara huanza, na kwenye kambi halimwachi mtu mmoja.

Vyoo navyo vina kiwango: tundu moja kwa watu 20, na wanawake wapewe mengi kuliko wanaume. Kwa watu 60 hayo ni matatu, lakini ili wanawake wapate zaidi ninyi mnahitaji yasiyopungua manne, yenye taa au tochi ya kudumu usiku, umbali wa kutosha kutoka jikoni na chini ya chanzo cha maji, kamwe siyo juu yake. Shule, parokia au usharika wenye uwanja na vyoo vilivyojengwa mara nyingi ni mahali bora kwa kundi kubwa kuliko ufukwe au kilele chenye mandhari nzuri.

Kuhusu matibabu, maeneo yote mawili yaliyoelezwa yana unafuu ambao hamkuutaja. Chimala kuna hospitali ya misheni chini ya mlima, na upande wa pili wa Makete kuna Ikonda, ambayo watu huifuata kutoka mikoa ya mbali. Matema kuna hospitali ya Kilutheri palepale kijijini. Kwa hiyo kwa Matamba swali ni gari: lazima kambi iwe na gari moja ambalo halitumwi popote usiku, lina mafuta, na dereva wake hajanywa.

Kuhusu wazee, nawaomba muwe waangalifu na Kitulo kwa mwenye shinikizo la damu au pumu. Mtu wa Mbeya au Njombe amezoea mwinuko, lakini anayetoka Kyela au bonde la Usangu na kupandishwa mita 2,600 kwa siku moja anaweza kuumwa kichwa na kukosa pumzi. Alale Matamba usiku wa kwanza, na kesho yake apande taratibu, au abaki. Mzee akisema amechoka, aaminiwe.

Kwa maoni yangu Matema ina hatari nyingi zaidi kwa afya, lakini zote ni za kuzuilika kwa chandarua na nidhamu ya kuoga. Matamba ina hatari chache, na baridi ndiyo inayoongoza.

Mwalimu, Iringa

Kamwene, ndugu zangu. Nimeona Iringa haina wa kuisemea, nami ninaisemea kama mwalimu.

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Iligunduliwa mwaka 1951, na katika bonde lake zimepatikana zana za mawe za watu wa kale kwa wingi usio wa kawaida. Mtoto anayeviona vile vishoka vya mawe vikiwa vimelala mahali pake, na zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji, hasahau somo la historia. Kalenga kuna makumbusho ya Mtwa Mkwawa, ambako fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954. Kisolanza wanajua kupokea wapiga kambi, maana magari ya wasafiri wa barabara hii ndefu yamekuwa yakilala pale kwa miaka mingi, kwa hiyo maji, vyoo na ulinzi si vya kubuni.

Hata hivyo sitaki kuwalazimisha wenzetu wa Sumbawanga. Hesabu ya kilomita aliyoitoa Mwenyeji wa Makete ni ya haki, na sisi wa Iringa tukiondoka saa 12 asubuhi tutakuwa Chimala saa tano au saa sita, yaani ndani ya muda wake wa kupanda mlima. Ninachoomba kamati iandike kwenye muhtasari ni kwamba kambi itazunguka, na mwakani iwe zamu ya upande wetu. Kundi linalokutana sehemu ileile kila mwaka huishia kuwa kundi la wenyeji wa sehemu ile.

Nawatahadharisha tu, kwa wale watakaofikiria Mufindi kama njia ya katikati: mandhari ya chai na misitu ni mazuri sana, lakini Septemba na Oktoba msitu wa Sao Hill ni mkavu, na moto wa kambi karibu na misonobari si jambo la kuombea ruhusa. Hasara ya cheche moja hailipiki kwa michango ya kikundi chochote.

Jambo la gharama: viingilio vya hifadhi za taifa kwa raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi na kwa namba ya malipo, siyo fedha mkononi getini, na viwango hufuata mwaka wa fedha unaoanza Julai. Mhazini aombe namba hiyo mapema kwa orodha ya majina yote, awatenganishe watoto na watu wazima, kwa kuwa viwango vyao havifanani. Msifike getini watu 60 mkiwa mnasubiri mtandao urudi.

Katibu wa Kikundi, Mbeya

Wakubwa zangu na wadogo zangu, mmenisaidia kuliko nilivyotarajia. Nimeyasoma yote kwa sauti mbele ya wenzangu wawili wa kamati, na pendekezo tutakalopeleka ni Matamba, wiki ya mwisho ya Septemba. Sababu tuliyoiweka mbele ni ile ya Chimala, kwamba kila mkoa unasafiri lakini hakuna mkoa unaotupwa. Sababu ya pili ni kutenganisha mahali pa kulala na mahali pa kutembea, jambo ambalo sisi hatukuwa tumelifikiria. Tulikuwa tunabishana kuhusu Kitulo kana kwamba lazima mahema yasimame katikati ya nyasi zile.

Mama wa Kyela, hoja yako ya vitanda imetugusa na tumeichukua. Wazee watalala nyumba ya wageni Matamba, na tutatafuta iliyo karibu na uwanja ili wasijione wametengwa. Kilichoishinda Matema ni mwanachama wa Iringa, ambaye angesafiri karibu kilomita 500. Lakini kamati ya Mbeya peke yake imesema inakuja kwako Oktoba, na wengine wanakaribishwa.

Kwa Mwalimu, suala la kuzunguka litaandikwa kwenye muhtasari kama ulivyoomba.

Mwenyeji wa Makete, yamebaki maswali mawili. Je, kuni tunaweza kununua huko, au tubebe mitungi ya gesi? Na uwanja unaofaa Matamba tuuombe kwa nani?

Mama wa Kyela

Nimeridhika, ingawa bado nasema watoto wangefurahi zaidi majini. Oktoba mje na vyandarua vyenu.

Mwenyeji wa Makete

Ndugu Katibu, kuni zipo na mtauziwa kwa mafungu. Nunueni za misitu ya kupandwa, misonobari na mikaratusi, na msiingize wala kuokota kuni hifadhini. Mtungi mmoja wa gesi mje nao kwa chai ya alfajiri, ila gesi ya mtungi mdogo hupungua nguvu kwenye baridi, kwa hiyo usiku uwekeni kwenye chumba cha vyombo kisicholalwa na mtu, siyo nje wala ndani ya hema lenye watu.

Kuhusu uwanja, barua iende kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa ofisi ya hifadhi. Itaje idadi ya watu, siku, na kwamba mtaondoka na takataka zenu. Omba uwanja wa shule au wa kanisa, kwa sababu ile aliyoitoa dada Muuguzi: vyoo vimeshajengwa, na maji ya bomba mara nyingi yapo. Lakini usiridhike na jibu la simu. Vyanzo vya maji vya huku hupungua kadiri kiangazi kinavyosonga, na bomba linalotoka vizuri Juni linaweza kuwa linadondosha tu Septemba.

Njoo mwenyewe wiki moja baada ya Nane Nane, ulale usiku mmoja kwenye uwanja huohuo, upime dumu moja linajaa kwa dakika ngapi, uhesabu matundu ya vyoo, na uone jua linachomoza upande gani ili mahema ya watoto yapate joto mapema. Na katika safari hiyo uje na dereva yuleyule atakayewaleta Septemba, siyo mwingine, apande na kushuka zile kona akiwa na gari tupu. Mimi nitawapokea Chimala stendi.